Umelenga Jicho, Limetoka Sikio: Kweli na Uongo Kuhusu Fokasi ya Renjifainda

Umemkalisha mtu karibu na dirisha, mita moja hivi kutoka ulipo, na lenzi yako ya mm 50 umeifungua hadi f/2. Katikati ya kidirisha cha kutazamia, kile kiraka chenye mwanga kinakuonyesha kope mbili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka kope zinapandana na kuwa moja, kisha unabonyeza. Filamu ikishasafishwa unakuta hereni imekaa vizuri, hata mkwaruzo wake unaonekana, ila jicho limelainika. Hapo ndipo shutuma zinapoanza. Mmoja atakwambia kamera imechoka, mwingine kwamba lenzi ina kuvu, wa tatu kwamba renjifainda ni teknolojia ya zamani isiyoaminika. Wengi huishia kununua kamera nyingine wakati ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote, na jambo hilo huniuma, kwa sababu kamera hizi haziundwi tena kwa wingi.

Kamera ya renjifainda haioni kupitia lenzi. Ndani yake mna mitambo miwili. Mmoja unapima umbali kwa vidirisha viwili vya mbele vilivyoachana na kioo kinachogeuka, na jibu lake ni kile kiraka. Wa pili ni lenzi yenyewe, inayochora picha kwenye filamu. Kwenye Leica mitambo hiyo inakutana mahali pamoja tu. Toa lenzi uchungulie kooni mwa kamera: juu kabisa utaona mkono mdogo wa chuma wenye gurudumu mwishoni. Usukume polepole kwa ncha ya kidole huku ukitazama kidirishani, na taswira ya kiraka itatembea. Lenzi inapozungushwa, ukingo wake wa nyuma unasukuma gurudumu hilo hilo. Muungano huo uliingia Leica mwaka 1932, kwenye Leica II, na tangu hapo tatizo halijabadilika: kidirisha kinaweza kukuonyesha kope zilizopandana barabara huku filamu ikipokea kitu kingine. Kwa hiyo kila unapoambiwa jambo kuhusu fokasi ya kamera hizi, uliza kwanza ni sehemu gani inayoshutumiwa: mpimaji, lenzi, sehemu ya filamu, au mkono na jicho lako.

"Picha imelainika, basi renjifainda imeharibika."

Mara nyingi ni uongo. Kabla hujashika bisibisi, weka negativu juu ya mwanga uikague kwa kioo cha kukuzia. Unatafuta jambo moja: je, kuna mahali popote palipo pakali? Ikiwa sikio ni kali na jicho si kali, au matofali ya ukuta wa nyuma yanahesabika huku uso umelainika, hilo kweli ni tatizo la fokasi, na tayari umeujua upande wake. Ikiwa hakuna pakali popote, na vinukta vya mwanga vimekuwa vistari vinavyoelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Ikiwa picha nzima imelainika sawasawa kutoka kona hadi kona bila vistari, ishuku skani kwanza. Skana nyingi hazishiki filamu iliyopinda, na chembe za filamu zenyewe zinatoka zimelainika. Chembe zikiwa kali kwenye negativu lakini hazionekani kwenye faili uliyotumiwa, kamera haina hatia.

Picha zinazosaidia sana kwenye uchunguzi huu ni zile ulizopiga bila kujali, zenye sakafu ya vigae au nyasi mbele na nyuma ya mtu. Sakafu inakuonyesha mstari ule ule ambao fokasi ilipita.

"Ikikubali kwenye ∞, inakubali kote."

Uongo, na ndio uongo ulioenea kuliko yote. Mwenye kamera anaelekeza kidirisha kwenye mnara wa simu, anazungusha lenzi mpaka ile nane iliyolala, alama ya umbali usio na mwisho, anaona minara miwili imekuwa mmoja, anaridhika. Mizani ya dukani ikisimama kwenye sifuri bila mzigo haijathibitisha kwamba kilo yake ni kilo. Renjifainda ina marekebisho mawili tofauti yanayogusa umbali: moja linaamua taswira zikutane wapi lenzi ikiwa kwenye ∞, jingine linaamua zitembee kwa kasi gani unapokuja karibu. La kwanza likiwa sawa na la pili likiwa limeteleza, kila kitu ni kizuri mbali, na kadiri unavyosogea kwenye mita moja kosa linakua.

Kuna tatizo la pili ndani ya hilo hilo. Huo mnara uko umbali gani? Kwenye Leica nyingi za M vidirisha viwili vimeachana kwa takriban mm 69. Kitu kilicho mita 60 kinaonwa na vidirisha hivyo kwa tofauti ya karibu dakika 4 za digrii, na jicho la kawaida linaiona tofauti hiyo waziwazi. Kwa kilomita 1 inashuka hadi robo ya dakika, na hapo jicho haligundui tena. Mtu akikaza skrubu ya ∞ kwa kutazama jengo la mita 60, ameifundisha kamera yake kwamba mita 60 ndio mwisho wa dunia. Akirudi kupiga uso kwa mita 1 na lenzi ya mm 50, fokasi itaangukia takriban sentimita 1.5 nyuma ya alipolenga. Kwa f/8 hataona kitu. Kwa f/1.5 ameshafika ukingoni mwa kinachovumilika.

Basi tumia kilicho mbali kweli. Mwezi ni mzuri kuliko vyote: ukingo wake ni mkali na umbali wake haubishaniwi. Mchana, anayekaa ufukweni ana meli zilizo upeoni, na wakazi wa Moshi wana mlima wao. Ukimaliza na ∞, kagua mita 1 na mita 3 kwa utepe wa kupimia, ukipima kutoka kwenye alama ya mahali filamu inapokaa, ile duara yenye mstari iliyochongwa juu ya kamera nyingi. Umbali ulioandikwa kwenye lenzi unahesabiwa kutoka hapo, hauhesabiwi kutoka kwenye kioo cha mbele.

"Taswira moja iko juu ya nyingine, ndiyo maana fokasi inakosa."

Uongo kwa sehemu kubwa. Umbali unasomwa kwa mwendo wa kushoto na kulia. Taswira ikiwa imepanda au kushuka kidogo, kipimo chenyewe bado ni sahihi. Kinachoharibika ni uwezo wako wa kukisoma, kwa sababu kope haziwezi kupandana kikamilifu. Mpaka fundi aishike, lenga mistari iliyosimama wima: fremu ya mlango, ukingo wa shavu, nguzo. Kwenye Leica M6 rekebisho hili limefichwa nyuma ya ile nembo nyekundu ya mbele.

"Lenzi ni kali nikiifunga kwenye kamera ya dijitali, kwa hiyo kosa ni la mwili wa kamera ya filamu."

Uongo, ingawa anayesema hivyo anafikiri vizuri. Kamera ya dijitali isiyo na kioo inalenga kwa picha iliyopita ndani ya lenzi. Ukingo wa nyuma unaosukuma gurudumu haufanyi kazi yoyote pale. Lenzi inaweza kuwa na vioo safi kabisa na ukingo uliolika, au ikawa iliwahi kufunguliwa na mtu asiyerudisha pete nyembamba za kujazia mahali pake. Kwenye dijitali itang'aa na kwenye renjifainda itakosa kila mara.

Njia ya kumjua mwenye kosa ni rahisi, inahitaji tu lenzi zaidi ya moja. Lenzi zote zikikosa upande mmoja, mshuku mwili wa kamera. Moja tu ikikosa, ishuku hiyo. Mwenye lenzi moja pekee na aazime, hata kwa saa moja.

"Skrubu ni mm 39, basi lenzi yoyote ya mm 39 inakaa."

Uongo, na umewatia hasara watu wengi wanaonunua kamera za Kisovieti kwa bei nafuu. FED na Zorki zinatumia skrubu ya mm 39 kwa kufuata Leica, na lenzi zao zinakaa mm 28.8 kutoka kwenye filamu. Lakini Zenit za mwanzo, ambazo ni kamera za kioo, nazo zina skrubu ya mm 39, huku lenzi zao zikitaka mm 45.2. Lenzi ya Zenit inaingia kwenye Zorki bila kulalamika. Itakaa karibu mno na filamu, isishike fokasi kwa umbali wowote, wala haitamsogeza mpimaji, kwa sababu haikuundwa kumgusa. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa anapokwambia inaingia.

Habari za Jupiter-3 na Jupiter-8 ni ngumu zaidi. Inasemwa kwamba zikifungwa kwenye Leica zinakosa kwa karibu. Hiyo ni kweli ya nusu. Lenzi hizi ni kizazi cha Sonnar ya Contax, ile iliyobuniwa na Ludwig Bertele, na Contax haikutumia kipimo kile kile cha lenzi ya kawaida ambacho Leica ilijiwekea, yaani mm 51.6. Ndiyo maana ukikutana na inayokosa kwa f/2 na uso wa karibu, usishangae. Hata hivyo nyingi zimeshapita mikononi mwa mafundi wengi kiasi kwamba kila moja inabidi ipimwe yenyewe. Kumhukumu Jupiter kwa jina la ukoo wake si haki.

Na adapta? Kutoka skrubu kwenda M inatakiwa iwe na unene wa mm 1 kamili. Watu husema adapta mbovu inaharibu fokasi ya kila lenzi, na hapa kuna jambo ninalolipenda. Ikiwa nene kupita kiasi, lenzi ya mm 50 itashindwa kufika ∞, lakini kipimo chake kitabaki kweli, kwa kuwa ukingo wa nyuma na vioo vimesogea mbele pamoja kwa kiasi kile kile, na kwa mm 50 mpimaji anahesabu hivyo hivyo. Lenzi ya mm 90 haina bahati hiyo. Yenyewe inatembea karibu mara tatu ya inavyotembea ya mm 50, ukingo wake umechongwa kupunguza mwendo huo kabla ya kuufikisha kwa gurudumu, na adapta nene inaleta mwendo usiopunguzwa. Hapo kope zinapandana na picha inakosa.

"Ukiona fokasi inasumbua, funga lenzi kidogo, itakaa."

Kweli kwa lenzi nyingi, si kweli kwa zile ambazo watu huzinunua kwa ajili ya f/1.4 na f/1.5. Kwenye lenzi kama Sonnar, miale inayopita pembeni mwa kioo haikutani mahali pamoja na inayopita katikati. Ukiwa umefungua yote, sehemu iliyo kali zaidi iko mahali fulani. Ukifunga hadi f/2.8 umeikata ile miale ya pembeni, na fokasi inarudi nyuma, mbali nawe. Kina cha ukali kinaongezeka pia, ila hakikui haraka vya kutosha kumfuata mtoro. Matokeo yake ni picha ya f/1.5 iliyokaa na picha ya f/2.8, ya uso ule ule, iliyokosa. Mtu asiyejua atazungusha skrubu za kamera mpaka achoke.

Watengenezaji wenyewe hawakulificha. C Sonnar 50 mm f/1.5 ya Zeiss ilijulikana kwa tabia hii tangu ilipotoka, na uamuzi wa kuipanga ikae sawa kwenye f/2.8 au kwenye f/1.5 ulikuwa uamuzi wa kweli wa kiwandani. Leica walipotoa Summilux 35 mm ASPH mpya mwaka 2010, waliweka kundi la vioo linaloelea, na kero hii ya ile ya awali ikapungua sana. Kwa hiyo unapojaribu kamera, jaribu kwa uwazi unaoutumia siku zote. Jaribio la f/1.5 halikwambii lolote kuhusu picha zako za f/4.

"Lenga jicho katikati, kisha sogeza kamera upange picha: hakuna tatizo."

Kwa mita 3 ni kweli. Kwa mita 1 ni uongo wa hesabu. Fokasi ya lenzi ni kama ukuta ulionyooka mbele ya kamera, na unapogeuza kamera ukuta nao unageuka. Ukigeuza kwa digrii 10 baada ya kulenga jicho la mita 1, jicho linabaki sentimita 1.5 mbele ya ukuta. Ukigeuza kwa 20, ambako ni kulipeleka jicho ukingoni mwa fremu ya mm 50 iliyolala, tofauti inafika sentimita 6. Kina chote cha ukali kwa f/2 hapo ni sentimita 4 na nusu hivi, zikigawanyika mbele na nyuma. Hereni ya mwanzo wa makala haya inaweza kuwa ilikaa vizuri kwa sababu hii tu, na kamera haikuwa na kosa. Dawa ni kulenga, kupanga picha, kisha kurudisha mwili wako nyuma sentimita chache bila kugusa lenzi. Wapigaji wengi wa zamani hufanya hivyo bila kujua kwamba wanafanya.

"Renjifainda zote zinapima sawasawa."

Uongo. Zidisha umbali kati ya vidirisha viwili kwa ukuzaji wa kidirisha cha kutazamia, utapata namba inayosema kamera inaweza kubeba lenzi gani. Leica M3 ya mwaka 1954 inafika takriban mm 62. Leica M6 yenye kidirisha cha 0.72 ina karibu mm 50. Voigtländer Bessa R, yenye vidirisha vilivyoachana mm 37 na ukuzaji wa 0.68, inabaki na mm 25. Bessa hiyo ni kamera nzuri kwa lenzi ya mm 35, na kwa mm 50 kwa mwanga wa kawaida. Kumdai akupe kope kali kwa mm 90 f/2 ni kumwonea. Leica wenyewe, walipotengeneza Elmarit 135 mm f/2.8, waliifungia miwani mbele ya vidirisha ili kukuza taswira.

Jicho lako nalo ni sehemu ya kipimo. Anayehitaji miwani avae miwani, kwani kidirisha cha Leica M hakirekebishiki chenyewe. Na kiraka kikiwa kimefifia, kama kwenye Canonet na Yashica Electro 35 nyingi, bandika kipande kidogo cha tepu nyeusi katikati ya kioo cha mbele cha kidirisha kikubwa. Taswira ya nyuma inakuwa na giza pale pale kiraka kilipo, na ile ya pili inajitokeza. Ni dawa ya bure, na inatoka bila kuacha alama.

"Kuvu kwenye lenzi inahamisha fokasi."

Uongo. Unyevu wa pwani unaleta kuvu, na kuvu inapunguza utofauti wa mwanga na giza. Picha inakuwa na utando. Mahali pa fokasi hapabadiliki. Kinachoweza kubadilika ni pale lenzi inapofunguliwa kusafishwa na kufungwa ovyo.

"Bandika selotepu mgongoni mwa kamera, utaona fokasi kwa macho yako."

Kweli ya nusu, na nusu inayokosekana ndiyo muhimu. Kamera ambayo mgongo wake unafunguka au kutoka, kama Canonet au Zorki-4, inakuruhusu kufungua shata kwenye B na kuweka kitu cha kupokea picha pale filamu inapokaa. Lakini kuna reli mbili kila upande. Filamu inalalia zile za ndani. Za nje ziko juu kidogo, zinabeba bamba la kusukumia filamu. Kipande cha kioo kilichowekwa juu ya reli za nje kitakupa jibu la uongo, na selotepu inayolegea katikati itakupa jingine. Kwa f/2 filamu inavumilia kosa la takriban mm 0.06 tu kila upande. Tumia kioo kigumu kilichokwaruzwa upande mmoja, kikatwe kiingie kati ya reli za nje, upande uliokwaruzwa ukiielekea lenzi.

Hata hivyo mimi naamini rula zaidi. Ilaze kwa mshazari mbele ya kamera iliyofungwa kwenye stendi, mita 1, lenzi imefunguliwa yote, ulenge namba ya katikati. Piga picha kadhaa, nusu yake ukija kutoka ∞, nusu ukija kutoka karibu. Ikiwa mafungu mawili hayakubaliani, skrubu haina kosa: kuna ulegevu kwenye mkono au grisi iliyokauka ndani ya lenzi.

"Ni skrubu moja tu, unaweza kuizungusha mwenyewe."

Uongo ulioharibu kamera nzuri. Kwenye Leica za M, rekebisho la ∞ liko kwenye gurudumu na la karibu liko kwenye mkono wenyewe, na kila moja linamsukuma mwenzake kidogo. Ukirekebisha mita 1, ∞ inatoka. Ukirudi kwenye ∞, mita 1 inasogea. Fundi anakwenda na kurudi mara nyingi mpaka yote yatulie, akiwa na lenzi anayoijua kuwa ni sahihi. Kumpelekea mwili bila lenzi ni kumnyima nusu ya kazi. Mpelekee lenzi zako zote, negativu za rula, na karatasi yenye umbali, uwazi wa lenzi na upande ulikotoka kwa kila picha. Usizungushe kitu kabla hajaiona. Akikurudishia, piga tena rula ile ile kwa lenzi zile zile, usafishe filamu hiyo kabla hujaipeleka kamera kwenye harusi ya mtu.